Kuku wa Jando Waliogeuka Glovu

Vijana mnaopita vijijini kwetu na fulana za semina, hii nawaandikia nyinyi. Mimi ni Saidi Nampoto, ngariba mstaafu wa Malolo, wilaya ya Ruangwa. Nimesoma hadi darasa la nne, na hilo la nne lenyewe niliishia katikati, msimu wa kuvuna ufuta. Leo nina nyumba ya bati, mashine ya kusaga, pikipiki mbili za kukodisha, na mabinti wawili ambao ni walimu. Yote hayo yametokana na mikono hii. Sijivuni, nataja tu, ili msomaji ajue anayesema si mtu wa kubahatisha.

Watoto niliowatahiri sikuwahi kuwahesabu. Nikiingia sokoni Ruangwa, kabla sijafika kwenye mabucha nimeshapewa shikamoo na wanaume kumi wenye ndevu. Mmoja wao polisi. Mwingine diwani, na akianza kujitanua mkutanoni namtazama tu usoni, na yeye anakaa chini mwenyewe.

Kazi nimeiacha kwa sababu ya macho. Umri bado, sitini sijaifika. Ngariba ambaye macho yamemwangusha aende akafuge bata. Wapo wenzangu waliong'ang'ania, siwataji, lakini wanajijua, na waliokatwa nao wanawajua zaidi.

Mambo ya ndani ya kumbi sitayaandika. Aliyeingia jandoni anayo, na ambaye hakuingia si mimi wa kumpa. Nitaandika habari ya vifaa tu: wembe, glovu, pamba, na nani alipe. Nyinyi mmekuta vitu hivyo vipo kabatini. Sisi tulivikuta havipo.

Kazi nilifundishwa na Mjomba Chilumba, kaka yake mama. Kwetu ufundi huu unapita kwa mjomba kwenda kwa mpwa, haupiti kwa baba. Na si ufundi tu. Baba anamlisha mtoto na kumnunulia kaptula, lakini anayesema mtoto aingie jandoni mwaka huu au asubiri mwakani ni mjomba wake. Jina likishaingia kwenye orodha, mjomba huyo huleta kuku mmoja kabla ya jando, na bila kuku jina halihesabiwi. Kuku huyo ni wa ngariba. Huo ndio mshahara, hakuna mwingine.

Msimu wa kwanza Mjomba alinipa kazi ya kushika bakuli la maji. Msimu wa pili, bakuli lilelile. Wa tatu akanipa kisu, na mimi nikafumba macho. Nililambwa kofi la sikio mpaka nikasikia filimbi.

"Unafumba macho wewe?" akaniuliza. "Anayefumba ni yule anayekatwa!"

Toka siku hiyo sikufumba tena. Ndiyo maana nawaambia, fundi mzuri hatoki kwenye cheti. Mimi cheti changu cha kwanza kilikuwa sikio.

Kisu cha Mjomba kilikuwa kimoja. Alikipata kwa mjomba wake, naye kwa wake. Alikinoa kwenye jiwe la mtoni siku tatu kabla ya jando. Asubuhi mtoto wa kwanza, kisu kinafutwa kwa jani, mtoto wa pili, kinafutwa, hivyo hivyo hadi wa thelathini, na jua halijapanda. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na habari kwamba lipo.

Kisha ikaja ile miaka ya tisini, ndugu zetu wakaanza kurudi kutoka mijini wamekonda. Tulisema wamerogwa. Baadaye tukasema ni kifua kikuu. Baadaye redio ikasema, na tukaacha kubishana. Ndipo mradi mmoja ukaja, wa wageni wakishirikiana na serikali, na sisi mangariba wa upande wa Ruangwa na wa Nachingwea tukaitwa semina Nachingwea, kwenye ukumbi wenye feni ambayo haikuzunguka hata siku moja.

Mwalimu wetu alikuwa nesi wa makamo, Veronika. Tulimwita Sista, kama wanavyoitwa manesi wote. Mwanamke kufundisha mangariba! Wazee wawili walisusa mpaka walipoona chai ya saa nne ina maandazi. Sista hakujali. Alileta vipande vya mgomba, akavipanga mezani, akasema: "Kila mmoja anionyeshe anavyofanya kazi. Hawa ndio watoto."

Mimi nilijipanga kuwa wa kwanza. Nilikuwa nimesikiliza redio, na msimu uliopita nilikuwa nimeshaanza kubadilisha nyembe kwa akili yangu mwenyewe, kabla ya semina yoyote. Nikachukua wembe mpya, kipande cha kwanza, wembe nikautupa koponi. Wembe wa pili, kipande cha pili, koponi. Nyembe tano, vipande vitano. Nikatoa dawa yetu ya majani kwenye chupa, nikachovya unyoya, nikapaka cha kwanza, nikachovya, nikapaka cha pili, mpaka cha tano. Nikasimama. Wenzangu wakapiga makofi. Niliona kabisa kwamba ningefanywa mwalimu msaidizi.

Sista akaokota ule unyoya.

"Huu ni wa nani?"

"Wa kuku, Sista."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka.

"Nauliza ni wa mtoto yupi."

Akachovya unyoya kwenye wino mwekundu, akautumbukiza kwenye chupa yangu ya dawa. Chupa yote ikageuka nyekundu. Akaiinua juu waione hata wale wa nyuma.

"Fundi Saidi amebadilisha nyembe tano," akasema. "Damu imepita kwa kuku."

Miaka mingi baadaye bado kuna mzee mmoja wa Chiola akiniona ananiita Damu-ya-Kuku. Nimemzoea.

Kuna jambo Sista alilisema siku ile, na nyinyi vijana huwa mnalisahau kwa kutaka kuonekana. Alisema: "Ugonjwa huu unapita zaidi chumbani, kwa wakubwa. Msiende vijijini kusema umeletwa na jando. Lakini hapa nako kuna upenyo, na nyinyi ndio mnaoweza kuuziba." Hakutumwagia sifa wala hakutupa lawama. Nimefundishwa na wataalamu wengi baada yake, wenye miwani na kompyuta, hakuna aliyemfikia.

Yeye alitufundisha mengi, mimi nikaongeza langu moja, na hilo wameliiga hata watu wa Masasi. Wengine walikuwa wanaweka vifaa vyote kwenye mfuko mmoja, wanachomoa huku wanafanya kazi. Mkono wenye damu unaingia mfukoni, unatoka, unaingia. Mimi nilisema hapana. Jioni kabla ya jando nilikaa na kufunga furushi moja kwa kila mtoto: wembe wake, glovu zake, pamba yake, bandeji yake, dawa yake kwenye kichupa chake. Furushi likifunguliwa ni la mtoto mmoja, kikibaki kitu kinakwenda shimoni. Na faida ya pili: ukishahesabu mafurushi umeshahesabu watoto, hakuna ubishi. Sista alipoona aliandika kwenye daftari lake. Niliona jina langu, aliliandika vizuri.

Kwa miaka kadhaa gari la mradi lilikuja kabla ya kila jando, likashusha maboksi. Tulilizoea lile gari kama tunavyozoea mikorosho kutoa maua. Hakuna aliyeuliza vitu vile vinalipiwa na nani, wala vitalipiwa hadi lini. Mimi pia sikuuliza, na mimi ni mtu wa kuuliza. Hilo nalihesabu kuwa kosa langu la pili baada ya unyoya.

Mwaka mmoja, baada ya mwaka elfu mbili, gari halikuja. Alikuja Sista peke yake, kwa basi, mkoba begani.

"Mradi umefungwa, kaka Saidi."

"Umefungwa na nani?"

"Na muda. Muda wake umeisha."

"Na ugonjwa, muda wake umeisha?"

"Usiniulize mimi," akasema. "Mimi nimetoa nauli yangu kuja kukuambia."

Imebaki miezi miwili kufika jando. Kwenye orodha ya Malolo kuna watoto thelathini na mmoja. Na wa thelathini na mmoja, niliyemwandika mwenyewe kwa mkono wangu, alikuwa Hamisi, kitinda mimba wa dada yangu Somoe. Mjomba wake ni mimi.

Lieleweni vizuri jambo lenyewe. Hakuna kijiji kinachoahirisha jando kwa sababu ya glovu. Chakula kimeshatwangwa, ngoma zimeshawambwa, wajomba wametoka hadi Lindi. Mimi nikisema sikati, Mjomba Chilumba atakata. Alikuwa mzee, lakini mkono wake ulikuwa bado mzima, na kisu chake alikuwa anakinoa kila mwaka hata baada ya kuniachia kazi. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: ama yale mafurushi thelathini na moja yapatikane, ama watoto wale, na Hamisi mmojawapo, warudi kwenye kisu kimoja.

Nikavaa shati langu la kola nikaenda ofisini wilayani. Sitasema ofisi gani. Nilimkuta bwana mmoja mpole, ana makaratasi hadi kwenye dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, si wote wanaosikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Saidi," akasema, "hoja yako nzuri. Tatizo kifungu hakipo."

"Kifungu ndiyo nini?"

"Mahali panapoandikwa matumizi kwenye bajeti."

"Si uandike?"

"Imeshafungwa."

"Kwa hiyo hakipo, na tena kimefungwa."

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniambia jambo la maana, na nalisema hapa kwa sababu wengi wenu hamlijui: "Mwakani lete maombi kabla hatujakaa kwenye bajeti. Na uje na kitu mkononi. Ukija na mikono mitupu, kwenye foleni wapo wengi wenye mikono mitupu. Onyesha wananchi wanabeba nini, sisi tubebe kilichobaki. Ikishaingia humo, haitegemei tena gari la mtu."

Hiyo ilikuwa ya mwakani. Watoto wangu walikuwa wa mwaka huu.

Sasa nawaeleza kosa la tatu, ambalo ndilo kubwa. Semina zilikuwa zimenijaza maneno, na neno moja walilolipenda sana lilikuwa "wazazi". Washirikishe wazazi. Kikao cha wazazi. Basi mimi, mtoto wa Malolo, niliyelelewa na mjomba, nikaitisha kikao cha wazazi. Wakaja akina baba, shuleni, wakajaa madawati. Nikahutubia kama mbunge. Nikaeleza unyoya, nikaeleza wino, nikasema kila mzazi anunulie mtoto wake vifaa. Wakakubali wote. Makofi yalipigwa mpaka kuku wa mwalimu mkuu wakakimbia. Nikarudi nyumbani nimenyoosha kifua.

Wiki mbili zikapita. Waliokuwa wameleta vifaa ni wawili. Wengine nikiwauliza njiani, jibu ni lile lile: "Mjomba wake hajasema."

Nikaenda kwa dada yangu Somoe kulalamika kwamba watu wa Malolo ni waongo. Alikuwa anapepeta ufuta, akaweka ungo chini.

"Uliwaita akina nani?"

"Wazazi."

"Wazazi ndio akina nani?"

"Akina baba wa watoto."

"Lini jando la kwetu likaendeshwa na akina baba?" Akaanza kucheka, yule mwanamke akicheka hanyamazi. "Saidi, wewe mwenyewe unamwingiza Hamisi kwa sababu ni mjomba wake. Baba yake umemwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Sasa hao wengine ulitaka wawe nani? Umesoma semina mpaka umesahau kwenu!"

Kwa kawaida hakuna anayenicheka nikamwacha. Siku ile nilimwacha. Alikuwa na haki.

Nikajua njia imebaki moja, na njia hiyo inapita kwa Mjomba Chilumba, maana wajomba wote wa Malolo wanamsikiliza yeye. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anamenya njugu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja na wazazi wako?"

Habari ilikuwa imeshafika. Nikakaa, nikaanza kumenya njugu pamoja naye. Kwetu ukitaka kuomba jambo kwa mkubwa, kwanza msaidie alicho nacho mkononi.

"Nasikia unataka kila mtoto aje na soksi za mikono," akasema.

"Glovu, Mjomba."

"Mikono yangu imekata watu tangu kabla hujazaliwa, na haijavaa kitu. Yupo aliyekufa?"

"Sijui, Mjomba. Na wewe hujui."

Akamenya njugu tano, sita. "Hilo kweli," akasema. "Sijui."

Halafu akanieleza kilichomkera. Hakukerwa na glovu. Alikerwa kwamba desturi imeongezwa bila yeye kuulizwa. Mjomba wa mtoto huleta kuku mmoja, basi. Toka enzi za babu zake hakuna aliyeambiwa alete kuku na kitu kingine juu yake. Leo wataambiwa glovu, kesho wataambiwa ndoo, keshokutwa kiti cha ngariba cha kukunja.

Nilikuwa sijafikiria la kusema. Neno lilikuja mdomoni lenyewe, na mpaka leo nalihesabu kuwa neno bora nililowahi kulisema.

"Basi wasilete kitu kingine. Walete kuku tu."

"Na soksi?"

"Kuku nitawauza mimi. Nitanunua."

"Kuku ni mshahara wako."

"Ndiyo. Nauza changu."

Kati ya kila kuku watatu wa jando, mmoja alikuwa fungu lake, kama mwenye kisu. Nikamwambia hao nisingewagusa, wangefika kwake wazima.

"Ala!" akasema. "Ukiuza wako na mimi nikala wangu, watasema mzee Chilumba anatafuna mapaja na mpwa wake analamba chumvi. Chukua wote."

"Na kisu, Mjomba?"

"Kisu nitakuja nacho. Nitakaa nacho mimi. Hilo usiniulize tena."

Sikumwuliza tena. Siku tatu baadaye kuku wakaanza kuingia kwangu, kila mjomba na wake. Mke wangu alipiga kelele, kibanda chetu kilikuwa cha kuku wanane.

Vijana, mkiwa na kuku thelathini na mmoja wa kuuza, msiende nao wote sokoni siku moja. Mnunuzi akiona matenga yamejaa anajua una shida, anashusha bei mpaka unataka kulia. Mimi nilikwenda Ruangwa kwa baiskeli mara nne, kuku saba, kuku nane, nikijifanya kila safari ndiyo ya mwisho. Safari ya tatu tetea mmoja alitaga njiani. Yai nililiuza peke yake, likalipia kichupa kimoja cha dawa. Glovu nilizinunua duka la dawa, zile za pakiti ya karatasi, pea moja moja, na mwuzaji akaniuliza kama nimefungua hospitali. Nikamwambia ndiyo.

Kabla sijafika mwisho niseme yaliyofuata, ili msije mkadhani tuliishia kwenye kuku. Mwaka ule ule, kabla ya bajeti, nilirudi kwa yule bwana mpole nikiwa na kitu mkononi. Akaandika kwenye fomu, mbele yangu, palipoandikwa mchango wa jamii: kuku thelathini na mmoja. Mwenzake wa meza ya pili akasema kuku hawaandikwi, waandikwe fedha. Wakabishana, wakaandika vyote viwili. Mwaka uliofuata kifungu kilikuwepo. Kidogo, glovu na pamba tu. Wembe na dawa viliendelea kutoka kwa kuku. Lakini kilirudi mwaka baada ya mwaka bila mtu kusubiri gari. Chiola wakaiga, na kule wakaongeza kwamba mjomba mwenye mikorosho mingi alete wawili. Baadaye wataalamu wakaja kututangazia kwamba tohara yenyewe inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa, ingawa haiiondoi, na kondomu zibaki palepale. Tuliwasikiliza kwa adabu. Sasa watoto wengi wanakatwa zahanati, kisha ndio wanakwenda kumbini kwa mafunzo. Ni sawa. Mimi mwenyewe niliwashauri.

Turudi kwenye asubuhi ile.

Mafurushi thelathini na moja nimeyapanga juu ya mkeka. Mjomba Chilumba amekaa kwenye kigoda pembeni, kisu kwenye goti. Nilianza jua halijachomoza. Furushi, mtoto, shimoni. Furushi, mtoto, shimoni. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini navaa mifuko mikononi, nikamwambia ili nisimchafue yeye, akaridhika.

Nilikuwa nimebakiza mmoja, Hamisi, pale tuliposikia baiskeli. Akaingia mwanaume wa Chiola, Mkopi, mfanyabiashara wa ufuta tuliyemfahamu, na mpwa wake wa miaka tisa hivi. Mama wa mtoto alikuwa wa ukoo wa Malolo, kwa hiyo mahali pake ni pale, hakuna aliyelikataa hilo. Lakini hakuandikishwa. Na kwenye mkeka furushi ni moja.

"Tumechelewa, pancha," akasema Mkopi. "Mkate tu huyu."

Nikamwambia vifaa vimebaki vya mtoto mmoja.

"Si watoto wawili tu? Osha hizo ulizovaa, endelea."

"Haziwi safi kwa kuoshwa."

"Basi mzee pale ana kisu. Kimewakata baba zetu, kitamshinda huyu?"

Wajomba wengine wakaanza kunung'unika, na wengi walikuwa upande wake. Sababu yao ilikuwa nzito: mtoto akishavuka kizingiti cha kumbi hatoki bila kukatwa. Akitoka hivyo, atachekwa hadi anazeeka. Mmoja akasema, "Saidi, utamharibia mtoto maisha kwa ajili ya soksi?" Mwingine akasema watumie furushi moja kwa wote wawili, kwani Hamisi ni wangu mwenyewe, sitajidai nimeonewa.

Nilijua wakishafanya kwa mmoja, mwakani itakuwa kwa watatu, na mwaka unaofuata furushi litakuwa la kijiji. Nikasema sitafanya. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na mimi sauti yangu si ndogo.

Mjomba Chilumba akasimama na kisu chake mkononi. Nilijua yamekwisha. Nikamvuta Hamisi nyuma yangu.

Mzee hakuja upande wangu. Alikwenda hadi kwa Mkopi, akamtazama mikono, akatazama baiskeli yake mpaka nyuma kwenye keria.

"Kuku wake yuko wapi?"

"Nani?"

"Kuku wa huyu mtoto. Mjomba mtu unakuja jandoni, kuku yuko wapi?"

"Nitamleta baadaye, mzee. Tulikuwa na haraka."

"Hapana." Mzee akageuka kwa wajomba wote. "Huyu hana kuku. Asiye na kuku hajaandikwa. Asiyeandikwa hajaingia. Mnaona mtoto amesimama hapa, lakini mimi simwoni. Nani anamwona?"

Hakuna aliyesema anamwona.

"Basi hajaingia, na hawezi kuchekwa kwa kutoka mahali ambapo hajaingia. Mkopi, mpeleke kwa Somoe akanywe uji. Ukipata kuku, rudi."

Mkopi alifura, akatamka maneno ambayo siyaandiki, lakini akamshika mpwa wake wakatoka. Mimi nikamkata Hamisi kwa furushi lake. Hakulia. Ametoka kwetu.

Kabla ya adhuhuri Mkopi akarudi na jogoo. Jogoo mkubwa, mwenye shingo nyekundu, amenunuliwa kwa hasira, ili tujue yeye si mtu wa kukosa kuku. Nikampakia kwenye baiskeli nikaenda Ruangwa, nikamwuza kwa bei nzuri kuliko wote, nikafika duka la dawa wakati wanafunga, nikabisha mlango mpaka wakafungua. Nilirudi Malolo miguu haina kazi.

Kesho yake alfajiri yule mtoto wa Chiola akaingia kumbini, peke yake, na watu wote wakamwona. Nilikuwa nimekaa mbele yake, furushi limefunguliwa, nyonga zinaniuma kwa baiskeli. Kabla sijashika pakiti ya glovu, Mjomba Chilumba akainama akaichukua yeye. Aliifungua kwa kuivuta pembe mbili, polepole, hakugusa ndani, akaninyooshea ikiwa wazi. Sikuwahi kumfundisha. Alikuwa amenitazama nikikata watoto thelathini na mmoja.

"Vaa," akasema. "Mtoto anasubiri."